Maji ya Masimango

Mjumbe hauawi, wanasema, lakini sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba mjumbe hachoki. Mimi nilichoka. Nilichoka uchovu ambao usingizi hauutibu, kwa sababu kila nikiamka asubuhi nilikuta wale walionichosha wamekwisha kukaa mezani, mmoja upande huu, mwingine upande ule, chupa ya chai katikati yao, wananisubiri nifungue kikao.

"Mwambie mama yako mdogo sukari iko karibu na kiwiko chake," Mama husema.

Mama Mdogo yuko palepale. Masikio anayo, na sukari anaiona. Lakini hanyooshi mkono mpaka maneno yapite kinywani mwangu kwanza, kama vile yanahitaji kugongwa muhuri. Basi nasema, Mama Mdogo, sukari iko karibu na kiwiko chako. Naye anajibu akitazama ukuta kwamba nimwambie mama yangu yeye hajapofuka. Nageuka, namwambia mama yangu kwamba mdogo wake hajapofuka. Chai yangu inapoa.

Majirani walinipachika jina la Balozi. Walidhani ni utani mzuri. Balozi wa kweli hupewa gari na bendera, mimi nilipewa kidonda cha tumbo.

Kazi yangu ni fundi wa meno bandia. Kutwa nzima niko na nta na plasta katika chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, nawatengenezea vinywa watu waliopoteza vyao ili waweze kutafuna na kusema. Kisha narudi nyumbani kwa wanawake wawili wenye meno yao yote, hakuna hata moja lililotoboka, wasiosemezana mwaka wa nne sasa.

Ugomvi wenyewe ni mfupi kuusimulia. Bibi yangu, mama yao, alipougua, Mama ndiye aliyemuuguza katika nyumba hii hii. Mama Mdogo alikuwa mji mwingine, matroni katika bweni la wasichana. Bibi akafa alfajiri. Mama hakupiga simu mpaka kila kitu kilipokwisha, na Mama Mdogo alipofika akakuta kitanda kimeshatandikwa. Aliuliza swali moja tu: kwa nini hukuniita? Mama hakulijibu. Alikwenda kuchemsha maji. Tangu siku hiyo hawajatupiana neno ana kwa ana, na hata Mama Mdogo alipostaafu na kuja kukaa hapa, maana nyumba waliachiwa wote wawili, alihamia na mabegi yake na kimya chake.

Kinachouma zaidi, na Mama Mdogo anahakikisha hakisahauliki, ni kwamba Mama alistaafu akiwa opereta wa simu. Miaka yote ya kazi alikaa mbele ya mitambo akiunganisha simu za watu. "Aliunganisha simu za ofisi nzima," Mama Mdogo huwaambia wageni, akimimina chai, "ya kwangu ikamshinda."

Pamoja na nyumba, Bibi aliacha mmea. Si ua la kuchezea. Ulikuwa mmea wa ndani ulioota juu kuliko meza, majani yake mapana kama sinia, umekaa katika chungu cha udongo pale sebuleni, dirishani, katikati ya mlango wa chumba cha Mama na mlango wa chumba cha Mama Mdogo. Bibi aliupangusa vumbi kila alipopangusa picha zake. Wote wawili waliupenda, nalo ndilo jambo pekee walilokubaliana bila kunituma.

Basi mmea ukaanza kuugua, na uliugua wakati mbaya kuliko wakati wowote.

Daktari wa meno, mwajiri wangu, alikuwa anafungua kliniki nyingine mji wa mbali, na alinitaka nikaongoze chumba cha mafundi huko. Chumba changu, na vijana wa kuwafundisha, na mlango wa kuufunga nikitoka. Alinipa mpaka Jumatatu ya mwisho wa mwezi nimpe jibu. Mwingine angejibu kabla daktari hajamaliza sentensi. Mimi nilisema nitafikiri, na aliniona mjinga, na alikuwa na haki.

Lakini daktari hakuwapo siku ya bafuni. Siku hiyo nilikuwa nachonga gego, simu ikaita. Mama Mdogo. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, kwamba amesikia kishindo bafuni, hivyo nimpigie mama yangu nimuulize kama yuko salama. Nilimuuliza yeye amesimama wapi. Alikuwa amesimama mlangoni pa bafu. Nikampigia Mama, na simu yake ikaita chumbani kwake, kwa sababu mtu haogi na simu. Nilivuka mji mzima na koti la kazi mwilini. Nilimkuta Mama ameketi chini kwenye sakafu yenye maji, ameteleza kwa sabuni, mguu umevimba, na nje ya mlango, mdogo wake ameketi juu ya stuli, taulo kavu mapajani, analia bila sauti. Mlango haukuwa na komeo. Ulikuwa umerudishwa tu.

Sasa niambie, watu kama hao unawaachaje?

Niliwaeleza habari za kazi, kila mmoja peke yake. Cha ajabu, wote wawili waliniruhusu, na kwa maneno karibu yaleyale. Nenda mwanangu, usiwe na wasiwasi, mimi nitabaki na mti wangu. Nilidhani ni maneno ya wazee ya kujifariji. Nilitazama ule mti wao, majani ya chini yamegeuka manjano na kulegea kama soksi, nikajisemea kwamba kama tegemeo ndilo hili, kazi ile ya mbali sina.

Nikaanza kuutibu. Nilikata majani yaliyooza, nikausogeza kwenye mwanga, nikaurudisha nyuma. Kila jioni nilikuta udongo umelowa. Nikamuuliza Mama, akasema amenyunyizia tone. Nikamuuliza Mama Mdogo, akasema ameonjesha tu. Tone na kuonja haviwezi kujaza kisahani mpaka kimwagike sakafuni, lakini nani angenijibu?

Jibu nililipata siku umeme ulipokatika kliniki tukaruhusiwa kurudi mapema. Niliingia kwa mlango wa jikoni, viatu mkononi kwa sababu vilinibana, na kabla sijafika sebuleni nikasikia sauti ya Mama. Nilidhani ana mgeni. Nilichungulia. Alikuwa amesimama mbele ya mmea na kopo la maji, anamimina polepole na kusema kwa sauti ya kufika mbali.

"Kunywa, mwaya. Wewe ndiye unayejua shida zangu. Wako humu wanaoacha taa ya jikoni ikiwaka usiku kucha, kana kwamba umeme unatoka kisimani. Kunywa."

Akarudi chumbani kwake, akaacha mlango wazi kidogo. Haukupita muda, mlango wa pili ukafunguka. Mama Mdogo akatoka na jagi. Yeye hakuwa na haraka. Alijaza kwanza, kisha akainama kama anayemnong'oneza mgonjwa, ila sauti ilikuwa ya bwenini.

"Kunywa, mwanangu, usione haya. Aliyekupa kwanza amekupa kwa masimango. Taa ya jikoni inawashwa kwa sababu kuna mtu mguu wake haujapona, na akiamka usiku akajikwaa, watasema nani hakumwita nani."

Akaingia ndani. Kopo likatoka tena.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Kumbe nilikuwa na mwenzangu kazini! Mimi nikiondoka asubuhi, balozi wa zamu ya mchana alikuwa mmea. Kwa kuwa mtu mwenye akili zake hawezi kusimama tu sebuleni akasema na majani, ilibidi pawe na sababu ya kuuendea, na sababu ilikuwa maji. Neno moja, kopo moja. Siku ya ugomvi mdogo mmea ulikunywa kwa kiasi, siku ya ugomvi mkubwa uliogelea. Fahali wawili wakipigana nyasi huumia, tumefundishwa hivyo tangu shule, lakini sijui nani alidhani zitaumia hata zile za kwenye chungu.

Hapo ndipo nilipoelewa pia ile "nitabaki na mti wangu." Hawakuwa wanajifariji. Walikuwa wamepanga, kila mmoja kivyake, kwamba mimi nikienda mmea utachukua nafasi yangu. Na walikuwa wanauua kwa kuupa kazi yangu. Ukifa, atakayebaki wa kusimama katikati ni mimi, mpaka nizeeke, mpaka nami ning'oke meno. Sijawahi kuukasirikia mmea kama siku ile, na sijawahi kuuonea huruma kama siku ile.

Niliubeba kwa teksi mpaka kwa muuza miche, dereva akilalamika kuhusu udongo kwenye viti vyake. Muuza miche, mwanamke mwenye kofia kubwa na subira ndogo, alitia kidole kwenye udongo, akakinusa, akanitazama vibaya.

"Nani kwenu ana kiu hivi?"

Nikamwambia ni hadithi ndefu. Hakutaka kuisikia. Alisema mizizi inaoza, maji yamezidi. Nisiupe hata tone mpaka ukauke, na ukikauka niutoe chunguni, nikate mizizi yote iliyooza, niuweke kwenye udongo mpya. Akaniuzia mfuko wa udongo. Akasema nisijaribu peke yangu, mmea mkubwa vile unataka mmoja aubebe na mwingine akate, la sivyo utavunjika kiunoni.

Nilirudi nikapiga marufuku. Niliwaita wote wawili, nikasimama mbele yao kama hakimu, nikasema mmea wa Bibi unakufa kwa maji na kuanzia leo hakuna kopo, hakuna jagi, hakuna tone wala kuonja. Walishtuka kikweli. Mama aliweka mkono kifuani. Mama Mdogo aliinamisha kichwa. Wakatii.

Na nyumba ikawa jahannamu. Kumbe yale makopo ndiyo yaliyokuwa yanapunguza mvuke. Sasa maneno yote ya mchana yaliwekwa kiporo mpaka nirudi, na nilipofungua mlango tu yakanimiminikia mimi. Mwambie mama yako mdogo aliacha dirisha wazi mvua ikaingia. Mwambie mama yako mvua haikunyesha. Mwambie redio ipunguzwe. Mwambie redio ilikuwa imezimwa. Hata koti sijavua. Kuna jioni niliwahi kukaa kituoni nikiacha mabasi yapite, si kwa sababu yamejaa, bali kwa sababu yalikuwa yanakwenda nyumbani.

Halafu wakagundua njia ya panya. Nilikataza maji, sikukataza kitambaa. Mama akaanza kuupangusa mmea majani. Mama Mdogo naye akapangusa yaliyokwisha kupanguswa. Niliona majani machache yaliyobaki yanang'aa kama viatu vya askari, kisha nikaona yanachanika. Mmoja akipangusa kwa hasira ya redio, mwingine kwa hasira ya dirisha, jani lina uvumilivu wake. Yakabaki matatu.

Jumamosi, siku mbili kabla ya jibu la daktari, udongo ulikuwa umekauka. Nilitandika magazeti sebuleni, nikaleta mfuko wa udongo, nikalaza chungu ubavu. Mama alikuja kusaidia bila kuitwa. Mama Mdogo alikuwa chumbani kwake, mlango umeegeshwa, na kivuli cha miguu yake kilionekana chini ya mlango. Tulivuta, tukazungusha, mmea ukachomoka na harufu ya bwawa. Mizizi ilikuwa myeusi, inateleza. Mama aliukumbatia kwa mikono yote miwili, shina begani, bonge la udongo tumboni, gauni lake likachafuka lote.

Nami nikaona nimesahau kisu. Kabla sijainuka, Mama akasema, "Mwambie mama yako mdogo alete kile kisu chake kikali."

Sijui ni neno lipi lililonimaliza, labda lile "mwambie," ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko jina langu. Nilikaa chini. Nilikaa palepale kwenye magazeti, nikakunja mikono.

"Simwambii," nikasema.

Mama alinitazama kama nimetukana.

"Mama, mimi nimechoka. Nimechoka mpaka mwisho. Nina kazi nzuri inanisubiri, nataka kwenda, na siwezi kwenda, kwa sababu siku ukianguka tena mwenzako atanipigia simu mimi niliye mji mwingine nikuulize kama umekufa. Yuko nyuma ya mlango huo. Sauti unayo. Mwite wewe."

Nilikuwa nalia, na nilichukia kwamba nalia. Mguu wa Mama haukuwa umepona sawasawa, na bonge lile la udongo lilikuwa zito. Udongo ukaanza kudondoka, kipande, kipande kingine, na shina likaanza kuegemea upande. Nilitamani kunyanyuka. Mungu anajua nilivyotamani. Ule ulikuwa mmea wa Bibi yangu pia, na yule ni mama yangu. Lakini kama ningenyoosha mkono siku ile ningebaki nimeunyoosha maisha yangu yote. Nikaikalia mikono yangu.

Mama alitazama mlango. Kisha akaita.

"Kitinda!"

Ni jina la utotoni, la mtoto wa mwisho. Sikuwa nimewahi kulisikia kinywani mwake. Lilitoka na mkwaruzo, kama sauti ya mtu aliyelala muda mrefu.

"Kitinda, njoo. Njoo upesi, peke yangu siwezi."

Mlango ulifunguka mara moja. Mama Mdogo alikuwa na kisu mkononi, maana alikuwa amesikia tangu mwanzo, lakini hakukileta. Alikiweka mezani, akaja akapiga magoti, akapitisha mikono chini ya mikono ya dada yake, akapokea uzito. Wakawa wamekumbatia mmea wote wawili, nyuso karibu kugusana kati ya yale majani matatu, hakuna pa kutazama isipokuwa mwenzako.

"Kumbe unajua kuniita," Mama Mdogo akasema.

Mama aligeuza macho kuelekea jikoni. Nilidhani atakwenda kuchemsha maji, lakini mikono yake ilikuwa imeshikwa.

"Nilikuita mara mbili," akasema hatimaye. "Mara ya kwanza ulikuja, mama akapona. Mara ya pili ulikuja akapona. Ukanigombeza mbele ya watu, ukasema nakutoa kazini bure, nakuharibia jina, nina kiherehere cha opereta. Usiku ule nilishika simu. Nikasema ngoja kupambazuke. Niliogopa utanigombeza tena."

"Ningekugombeza," Mama Mdogo akasema.

Alivuta pumzi. Machozi yalikuwa yanamshuka na mkono wa kuyafutia hana.

"Ningekugombeza sana, dada. Lakini ningemkuta."

"Najua," Mama akasema. "Kila siku najua."

Hakuna aliyeniambia nimwambie mtu chochote. Nilikaa pale chini, mikono nimeikalia mpaka imekufa ganzi, nikiwatazama wazee wawili wenye udongo mpaka shingoni. Baada ya muda Mama Mdogo alinyoosha mkono mmoja akachukua kisu mezani mwenyewe, akauinamia mzizi mweusi wa kwanza.

"Shika vizuri," akamwambia dada yake, "nisije nikakukata."

"Nimeshika," Mama akajibu. "Kata."